Chuck Schuldiner: alirudisha Death, halafu ugonjwa ukaingia

Tarehe 13 mwezi wa tano 1999, siku alipotimiza miaka 32, Chuck Schuldiner aliambiwa na madaktari kama yale maumivu ya shingo hayakuwa mshipa uliobanwa, vile alivyozani. Ilikuwa kansere, na ilikaa kwenye shina la ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki kirahisi. Mwaka ulikuwa haujaisha tangu atoe albamu ambayo wapenzi wa kikundi chake, Death, walikuwa hawaitazamii tena. Albamu ile iliitwa The Sound of Perseverance, ni kama kusema sauti ya uvumilivu.

Death kwa Kiswahili ni kifo, na muziki wake unaitwa death metal. Ni gitare za umeme zinazonguruma, ngoma za mbio, na mwimbaji anayetoa sauti ya kukwaruza toka ndani ya koo. Masikio yaliyozoea sebene yanaweza kusema hiyo ni fujo tu. Lakini fuata gitare la Chuck peke yake kwa dakika chache, utakuta wimbo mzuri unapita chini ya ile kelele. Njo maana wengi walimwita baba wa death metal, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda sana.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa tano 1967 huko Long Island, karibu na mji wa New York, Marekani. Mwaka uliofuata jamaa yake ikahamia Florida. Baba na mama wote wawili walikuwa walimu, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu. Alipokuwa na miaka 9, kaka yake Frank, kijana wa miaka 16, akafa katika ajali ya gari. Wazazi walimnunulia mtoto gitare ili huzuni ipungue. Alipelekwa kwa mwalimu wa muziki wa klasiki, akachoka haraka, karibu aache kabisa. Siku moja wazazi wakaona gitare la umeme linauzwa kati ya vitu vilivyotumika, wakalinunua. Toka hapo hakuliacha tena. Masomo ndiyo aliyoyaacha, na baadaye alijuta juu ya hilo.

Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, alianzisha kikundi Mantas pamoja na Kam Lee na Rick Rozz. Mwaka uliofuata kikageuka Death. Hawakuwa na kampuni wala redio ya kuwapiga. Kanda zao zilienda kwa posta, kijana mmoja ananakili na kumtumia mwenzake wa inchi nyingine. Chuck alihama miji akitafuta wapigaji, akafika mpaka Canada na kurudi. Albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka mwaka 1987, na ndani yake walipiga watu wawili tu: Chris Reifert kwenye ngoma, na Chuck kwenye gitare, besi na sauti.

Nyimbo za mwanzo zilikuwa hadisi za kutisha za sinema, damu na maiti. Ni utoto, kusema kweli. Lakini mtu huyu alikua mbele ya macho ya wasikilizaji wake. Kufika Spiritual Healing, mwaka 1990, alikuwa anaimba juu ya mtoto anayezaliwa tayari na madhara ya kokeni ya mama yake. Baadaye aliondoa pia msalaba uliogeuzwa kwenye alama ya kikundi, sababu hakutaka muziki wake uingizwe katika mambo ya dini.

Hakuwa mtu rahisi. Mwaka huo wa 1990 alikataa kwenda kupiga Ulaya dakika za mwisho, akiona safari haikutayarishwa vizuri. Wenzake wakaenda bila yeye, na nafasi yake wakawapa watu waliowasaidia kubeba vyombo. Aliporudisha kikundi mikononi mwake, akaamua kuchagua wapigaji kwa kila albamu. Kila aliyeyasikia aliona faida yake: Human ya mwaka 1991, pamoja na vijana wa kikundi Cynic, kisha Individual Thought Patterns mwaka 1993 na Symbolic mwaka 1995. Muziki ulizidi kuwa mgumu kupiga, na ulizidi kuwa mzuri.

Baada ya Symbolic akaweka Death pembeni. Koo lilikuwa limechoka na ile sauti, na alitamani kikundi chenye mwimbaji wa kweli. Akaanzisha Control Denied. Kampuni Nuclear Blast ya Ujerumani ilikubali kukitoa, lakini kwanza ilitaka albamu moja ya Death. Chuck akarudi. Alikusanya wapigaji wasiojulikana sana, Richard Christy kwenye ngoma, Shannon Hamm kwenye gitare na Scott Clendenin kwenye besi, wakaingia studio Morrisound huko Tampa. Sehemu ya nyimbo aliyokuwa ameitunga kwa Control Denied ikahamia kwa Death.

Ilitoka mwaka 1998, na haikusikika kama kazi ya mtu aliyelazimishwa. Kuna wimbo Voice of the Soul ambao hauna ngoma wala sauti ya mtu, gitare tupu zinazojibizana. Mwishoni akapiga Painkiller ya Judas Priest, wazee aliowapenda toka ujana. Wako wanaosema hii njo bora kuliko zote, wengine wanabaki na Human au Symbolic, na ubishi haujaisha.

Albamu ya kwanza ya Control Denied ilitoka mwisho wa mwaka 1999, Chuck akiwa tayari mgonjwa. Alichomwa mionzi, na mwezi wa kwanza 2000 akapasuliwa New York. Kivimbe kikaondolewa karibu nusu. Feza zilizohitajika zilikadiriwa kufika dola 70 000 na zaidi. Jamaa haikuwa nazo, na bima aliyokuja kuchukua ilikataa kulipa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwapo mbele yake. Mama yake, Jane, akaomba msaada waziwazi. Vikundi vilipiga bila malipo, mashabiki wakatuma kidogo walichokuwa nacho, na wanamuziki wa majina makubwa, Korn na Slipknot miongoni mwao, wakatoa vitu vyao viuzwe kwa mnada.

Alipopata nguvu alirudi kwenye nyimbo mpya. Mwaka 2001 kansere ikarudi, na dawa kali zikamdhoofisha. Alikufa tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2001, baada ya kushikwa na homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 34.

Toka mwaka 2012 watu waliopiga naye, Gene Hoglan na Steve DiGiorgio kati yao, wamekuwa wakizunguka dunia na nyimbo zake kwa jina Death to All. Albamu ya pili ya Control Denied, ambayo alikuwa amekwisha kurekodi sehemu zake, aliiacha haijaisha.