Mtoro bin Mwinyi Bakari na Habari za Mrima

Miongoni mwa Waswahili walioandika habari za jamii yao kwa lugha yao wenyewe kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mtoro bin Mwinyi Bakari anastahili nafasi ya mbele, ingawa kwa muda mrefu jina lake lilifunikwa na la mhariri wake.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika eneo la Bagamoyo, akapata elimu ya Kiislamu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako wengi wa wanafunzi walikuwa wakiandaliwa kuitumikia serikali ya kikoloni katika nchi aliyotoka yeye.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha *Safari za Wasuaheli*, ambamo Mtoro anasimulia safari yake ya Udoe na Uzigua pamoja na mila za Wadoe. Mwaka 1903 ikafuata *Desturi za Wasuaheli*. Humo mna uzazi na malezi, chuo cha Kurani, unyago, arusi, ngoma, pepo, majumbe, utumwa na misafara ya bara. Anayeeleza ni mwenyeji, wala si mpita njia: mambo yanaitwa kwa majina yaliyotumiwa na wenyewe, na kwa sababu hiyo kitabu ni hazina ya msamiati wa Mrima kama kilivyo hazina ya historia. Jaladani, hata hivyo, palikuwa na jina la Velten. Ni kweli kwamba waliochangia walikuwa zaidi ya mmoja, na kumpa Mtoro kitabu kizima kungekuwa kuwadhulumu wenziwe. Lakini sehemu yake ndiyo kubwa. Haki hiyo ilitambuliwa waziwazi katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ambayo anwani yake inamtaja Mtoro pamoja na Waswahili wengine.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Ndoa hiyo haikuvumiliwa. Kazi ya Berlin ilikoma, na mwaka 1905 mume na mke waliposafiri kwenda Afrika Mashariki, utawala uliwakatalia kushuka melini, wakarejea Ujerumani. Aliyewafunza watawala desturi za pwani akawa amezuiwa nao kuikanyaga pwani hiyo.

Baadaye alizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, na kati ya 1909 na 1913 alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927.