Lucy Lameck

Lucy Lameck (1934 – 1993) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia katika chombo cha kutunga sheria cha Tanganyika, na hutajwa mara nyingi kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri. Kabla ya siasa alisomea uuguzi, kisha akafanya kazi ya ukatibu katika chama cha ushirika. Akiwa kiongozi alitumia nafasi zake kutetea hali ya wanawake, wenye ajira na wasio na ajira.

Maisha ya awali

Lucy Lameck alizaliwa Njoro, katika mji wa Moshi, kwenye familia ya wakulima. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Mama yake alijihusisha na siasa za chama cha TANU.

Uchumi wa Kilimanjaro ulitegemea kahawa. Wanawake wa Kichaga walipalilia mibuni, walichuma kahawa na kubeba mizigo, pamoja na kutunza migomba, ng'ombe na watoto. Hata hivyo kihamba kilirithiwa kwa upande wa wanaume, na kwa kawaida jina lililoandikwa katika daftari la ushirika lilikuwa la mume au baba. Malipo ya kahawa yalimfuata mwenye jina, si kila aliyefanya kazi.

Kazi ya kwanza

Kwa msichana Mwafrika aliyepata elimu katika miaka ya 1940 na 1950, kazi za mshahara zilikuwa chache: ualimu, uuguzi, ukunga na utumishi wa nyumbani. Lucy alichagua uuguzi na akapata mafunzo yake. Lakini hospitali za kikoloni zilitenga wagonjwa kwa rangi, na nafasi za juu zilishikwa na Wazungu. Hakutaka kuendelea na kazi ndani ya mfumo huo.

Alijifunza kazi ya ukatibu, akaajiriwa na Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, kinachojulikana kwa kifupi KNCU. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1933 na kilikuwa kati ya vyama vya ushirika vya Waafrika vyenye nguvu zaidi Afrika Mashariki. Huko aliona kwa karibu jinsi wakulima wanavyoweza kujipangia bei na masoko yao wakiungana. Aliona pia kwamba wanachama wenye sauti katika mikutano walikuwa karibu wote wanaume.

TANU na Idara ya Wanawake

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1955 iliundwa Idara ya Wanawake chini ya Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Wanachama wengi wa mwanzo wa idara hiyo hawakuwa na shule kubwa wala ajira rasmi. Walikuwa wakulima, wapika pombe, wauza maandazi na wanachama wa vikundi vya ngoma, watu waliokuwa na fedha kidogo za kwao na waliozoea kukusanyana.

Lucy Lameck alijiunga na harakati hizo upande wa Kilimanjaro. Alikuwa kijana na mwenye elimu kuliko wengi wa wenzake. Uwezo wake wa kuandika na kupanga shughuli za ofisi ulihitajika sana katika chama kilichokuwa kinakua haraka. Alipanda hadi kuwa miongoni mwa viongozi wa kitaifa wa wanawake wa TANU.

Masomo ya ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata nafasi ya kusoma katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima kutoka tabaka la wafanyakazi, na kilikuwa na uhusiano wa karibu na vyama vya wafanyakazi. Baadaye alisoma pia kwa muda nchini Marekani, katika jimbo la Michigan.

Uingereza aliyoikuta ilikuwa bado haijamaliza suala la mshahara sawa. Serikali ya nchi hiyo ilikubali mwaka 1955 kusawazisha hatua kwa hatua mishahara ya wanaume na wanawake katika utumishi wa umma, na sheria ya kuwabana waajiri wote ilipitishwa mwaka 1970 tu. Katika makoloni hali ilikuwa hiyohiyo au mbaya zaidi, kwa sababu mwanamke Mwafrika alipunjwa mara mbili, kwa rangi yake na kwa jinsia yake.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa Sarah Ntiro wa Uganda, ambaye baadaye aliolewa na mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro. Aliporudi kutoka Oxford na shahada katika miaka ya 1950, alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa mwalimu wa kiume mwenye elimu ileile. Aliukataa, akafundisha bila malipo kama njia ya kupinga, hadi wakuu walipokubali kumlipa sawa. Wanawake wasomi wa kizazi cha Lameck walikuwa wachache sana, na kila mmoja alikutana na suala hilo kwa namna yake.

Bungeni na serikalini

Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Lucy Lameck aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Wanawake wengine katika chombo hicho miaka hiyo walikuwa Bibi Titi Mohamed, Sophia Mustafa, Barbro Johansson na Lady Marion Chesham. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Mwaka 1962 Idara ya Wanawake ya TANU iligeuzwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), na Bibi Titi akawa mwenyekiti. Mwaka huohuo Lameck aliteuliwa kuwa naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia ushirika na maendeleo ya jamii.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Viongozi kadhaa wakubwa walianguka, akiwemo Bibi Titi huko Rufiji na waziri Paul Bomani huko Mwanza. Lameck alishinda kiti chake katika Kilimanjaro. Ushindi huo ulikuwa na uzito, kwa kuwa sasa alikuwa mwanamke aliyechaguliwa na wapigakura wa jimbo mbele ya mshindani.

Kuanzia mwaka 1967 hadi 1972 alikuwa naibu waziri wa afya. Kipindi hicho kilianza pamoja na Azimio la Arusha, na serikali iliamua kuelekeza nguvu zaidi katika zahanati na vituo vya afya vijijini. Wauguzi na wakunga waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo walikuwa wanawake. Naibu waziri aliyewasimamia alikuwa amesomea kazi hiyohiyo na kuiacha kwa sababu ya ubaguzi wa wakoloni.

Haki za wanawake kazini

Wakati wa uongozi wa Lameck na miaka michache baadaye, sheria kadhaa zilibadilisha hali ya mwanamke Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali na kuingia mikataba kwa jina lake mwenyewe. Kwa mfanyakazi, maana yake ilikuwa kwamba mshahara na alichokinunua kwa mshahara huo vingeweza kuwa mali yake.

Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa ili likizo ya uzazi yenye malipo, ya siku 84, itolewe kwa mwanamke bila kujali kama ameolewa. Suala hili lilizua ubishi mkubwa. Waliopinga waliona kwamba serikali inahimiza uzazi nje ya ndoa. Waliounga mkono walijibu kwamba mama na mtoto wanahitaji chakula na mapumziko yaleyale, na kwamba kumnyima mmoja malipo ni kumwadhibu kwa jambo ambalo mwanamume mfanyakazi hakuadhibiwa kwalo.

Mabadiliko hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Yalitokana na shinikizo la UWT, wabunge wanawake na wafanyakazi wenyewe. Nafasi ya Lameck ilikuwa ya mtangulizi: kuwepo kwake bungeni tangu mwaka 1960 kulifanya mambo ya wanawake yasemwe na mwanamke pale sheria zilipotungwa.

Wanawake nje ya ajira rasmi: Shinyanga na Geita

Sheria za ajira ziliwafikia wenye mwajiri. Wanawake wengi wa Tanzania hawakuwa naye, na tofauti hiyo inaonekana wazi katika Kanda ya Ziwa.

Shinyanga na Geita zilikuwa nchi ya pamba. Zao hilo lilisimamiwa na muungano mkubwa wa vyama vya ushirika, VFCU, ulioanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Wizara aliyoitumikia Lameck kati ya 1962 na 1965 ilihusika na vyama vya aina hii nchi nzima. Wanawake wa Kisukuma walipalilia na kuchuma pamba kama wenzao wa Kilimanjaro walivyochuma kahawa, na hapa pia malipo yalikwenda kwa mwanachama aliyeandikwa, kwa kawaida mkuu wa kaya.

Kando ya pamba kulikuwa na migodi. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na almasi ya Mwadui, Shinyanga, iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Ajira za migodini zilikuwa za wanaume. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1935 uliwazuia wanawake kufanya kazi chini ya ardhi, kwa nia ya kuwalinda. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kuwafungia pia mshahara wa huko.

Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, wanawake waliingia kwa wingi bila mkataba wala likizo. Walipata kazi za kuponda mawe, kuchekecha, kuosha mchanga wa dhahabu, kubeba maji na kupikia wachimbaji. Mwenye duara au leseni kwa kawaida alikuwa mwanamume, na mgao ulianza kwake. Mwaka 1997 kiliundwa Chama cha Wachimbaji Wanawake Tanzania, TAWOMA, ili kuwasaidia wanawake kupata leseni, vifaa na masoko kwa majina yao.

Mwaka 2002 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 kuhusu malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikataza ubaguzi wa jinsia na kuweka kanuni hiyo katika sheria ya nchi. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 21, inafungwa na sheria hiyo. Mwanamke anayeponda mawe kwa malipo ya kipimo, bila mkataba, bado ana shida kuitumia.

Kifo na kumbukumbu

Lucy Lameck alifariki mwaka 1993. Jina lake limebaki mjini Moshi, ambako kuna shule ya sekondari inayoitwa kwa jina lake.

Katika historia ya Tanzania anawekwa pamoja na Bibi Titi Mohamed kama kiongozi wa kizazi cha kwanza cha wanawake katika siasa. Njia zao zilikuwa tofauti. Bibi Titi alitoka katika ngoma na mikutano ya hadhara, na Lameck alitoka katika wodi, ofisi ya ushirika na chuo cha wafanyakazi. Kwa sababu hiyo maisha yake hutoa picha nzuri ya mwanamke wa Tanganyika aliyeishi kwa mshahara wake mwenyewe wakati ambapo wanawake wa aina hiyo walikuwa wachache.