Raman: Mtu aliyeuliza kwa nini bahari ni ya buluu

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nizwa, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman, walichapisha kazi yao ya kutambua maziwa ya ngamia yaliyochanganywa na ya ng'ombe kwa kuyamulika kwa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo hugusa mitetemo ya molekuli, na mitetemo ndiyo inayofichua udanganyifu. Ndugu wa karibu wa mbinu hiyo, anayetumika leo kuchunguza hata utando unaozunguka seli, amepewa jina la Mhindi aliyefariki dunia mwaka 1970: Chandrasekhara Venkata Raman.

Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Akiwa na umri wa miaka 18 tu, makala yake ya kwanza ya kisayansi ilichapishwa katika jarida la Uingereza. Hata hivyo njia ya kwenda kusoma Ulaya ilifungwa na daktari, aliyeona kwamba afya yake isingestahimili baridi ya huko. Mwaka 1907 akaajiriwa katika idara ya fedha ya serikali ya kikoloni, akapelekwa Calcutta kuwa mhasibu.

Huko Calcutta, akipita mtaani kwa tramu, aliona kibao cha chama cha kuendeleza sayansi kilichoanzishwa na daktari Mahendralal Sircar mwaka 1876. Maabara yake ilikuwa karibu tupu. Kwa miaka kumi Raman alifanya utafiti humo alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni baada ya kutoka. Mwaka 1917 alipopewa kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Calcutta aliacha kazi ya serikali, ingawa mshahara mpya ulikuwa mdogo kuliko ule wa zamani. Si wengi wenye familia ambao wangekubali badiliko la namna hiyo.

Safari iliyobadili maisha yake ilikuwa ya baharini. Mwaka 1921 alikwenda Uingereza kuhudhuria mkutano wa vyuo vikuu, na akarejea kwa meli ya Narkunda. Wakati huo iliaminika, kwa kauli ya mwanafizikia mashuhuri Lord Rayleigh, kwamba buluu ya bahari ni kivuli cha anga tu. Raman alikuwa na kipande kidogo cha kioo cha prizimu mfukoni. Alikitumia kuuzuia mwanga wa anga unaoakisiwa na maji, na bado bahari ikabaki buluu iliyokolea. Meli ilivuka Bahari ya Shamu na Bahari ya Arabu, maji yale yale yaliyozoewa na manahodha wa Sur waliopeleka tende Zanzibar na Lamu na kurudi na boriti. Ilipotia nanga Bombay, Raman alikwisha andika barua kwa jarida la Nature akieleza kwamba maji yenyewe huutawanya mwanga.

Kutoka hapo hakulala. Tarehe 28 Februari 1928, yeye na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walithibitisha jambo ambalo halikutarajiwa. Walipopitisha mwanga wa rangi moja ndani ya kimiminika, sehemu kubwa ilitoka na rangi ile ile, lakini chembe chache mno, takriban moja kati ya milioni kumi, zilitoka na rangi nyingine. Molekuli zilikuwa zimechukua sehemu ya nguvu ya mwanga ili zitetemeke, na kila aina ya molekuli hutetemeka kwa namna yake.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 ilikwenda kwa Raman peke yake. Hakuna mwanasayansi wa Asia aliyewahi kuipata kabla yake. Krishnan hakupewa, wala Landsberg na Mandelstam wa Moscow, walioona jambo hilo hilo katika fuwele siku chache kabla. Warusi hadi leo huliita kwa jina lao wenyewe.

Raman hakuwa mtu rahisi. Mwaka 1933, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya sayansi ya Bangalore, alimkataa Kamala Bhagvat kwa sababu tu ni mwanamke. Msichana huyo hakuondoka. Akakubaliwa kwa majaribio ya mwaka mmoja, na mwaka 1939 akapata udaktari Cambridge kwa utafiti kuhusu saitokromu c, protini iliyo kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Leo protini hiyo hufuatiliwa ndani ya seli hai kwa mbinu ya Raman mwenyewe.

Kilichoiwezesha mbinu hiyo kuingia ndani ya seli ni leza, iliyobuniwa mwaka 1960. Maji hayaivurugi sana, tofauti na mwanga wa infraredi ambao maji huumeza, hivyo seli huchunguzwa ikiwa mbichi. Utando wake umejengwa kwa molekuli za mafuta zenye mikia mirefu. Mikia ikinyooka utando hukakamaa, ikipinda hulegea, na kila hali hutoa mstari wake katika mwanga unaotawanyika. Mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwa njia hii jinsi kolesteroli inavyobadili hali hiyo. Chembe nyekundu za damu za wagonjwa wa selimundu, maradhi yanayojulikana Oman kama yanavyojulikana Unguja na Mombasa, nazo zimechunguzwa hivyo, ingawa hospitalini ugonjwa wenyewe hupimwa kwa njia nyingine.

Raman hakuyaona hayo ya mwaka 1971. Alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970, katika taasisi aliyoianzisha mwaka 1948. Mwili wake ulichomwa bila ibada za kidini katika bustani ya taasisi hiyo, na mahali hapo pakapandwa mti.