Askofu Maurice wa Paris

Twapenda kumkumbuka Maurice, aliyezaliwa Sully, nchi ya Ufaransa, nyumbani mwa watu maskini. Alikwenda Paris kusoma, akapewa upadre, na mwaka 1160 akafanywa askofu. Yapata mwaka 1163 alianza kujenga kanisa kubwa la Bikira Maria, liitwalo Notre-Dame. Altare kuu ilibarikiwa mwaka 1182. Alifariki mwaka 1196, asijaliwe kuliona likiisha. Lakini katika wasia wake aliliachia fedha za mabamba ya risasi ya kuezekea. Mwaka 2019 moto uliteketeza paa lake. Waamini wakalia, mafundi wakaliezeka upya, na mwaka 2024 milango ikafunguliwa. Nasi twasali chini ya mapaa ya waliotutangulia. Je, tutawaachia nini wajao?