Charles Darwin na vibarua wasiodai ujira

Mkulima wa Maisaka, mjini Babati, anayechoma majani ya mbaazi baada ya mavuno huwanyima chakula vibarua wasiodai ujira: nyungunyungu.

Aliyewapa heshima viumbe hao ni Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1809. Mwaka 1837 alieleza mjini London kuwa ndio hutengeneza udongo wa juu. Baadaye wako waliopinga, wakidai ni wadogo mno kwa kazi hiyo.

Darwin hakubishana, alipima. Mwaka 1842 alitandaza chokaa shambani karibu na nyumba yake, Kent. Alipochimba mwaka 1871 aliikuta sentimita 18 chini, imefunikwa na udongo uliopandishwa na nyungunyungu.

Aliwafuga pia kwenye vyungu, akaona wanavyovuta majani mashimoni na kuyala. Aliandika kuwa hewa kavu huwaua. Pasipo unyevu kazi husimama.

Kitabu chake juu yao kilitoka Oktoba 1881. Alifariki Aprili 1882.

Somo limebaki: majani yaliyotandazwa shambani hutunza unyevu, nyungunyungu na mchwa huyasaga, na rutuba hurudi bila kutoa hata shilingi.