Al-Khwarizmi: Mwanachuoni Aliyeonyesha Hesabu Zake



Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika mazungumzo ya wanafunzi. Video imeenea ghafla, tunasema ni algoriti. Tangazo la viatu linatufuata kila tunapofungua simu, tunasema ni algoriti. Mtu anajikuta saa nane za usiku bado anasogeza skrini kwa kidole, na Alfajiri inakaribia, naye anailaumu algoriti. Wachache wanajua kwamba neno hilo limetokana na jina la mtu, kwamba mtu huyo alikuwa Muislamu aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na kwamba namna yake ya kufanya kazi ilikuwa kinyume na namna ya makampuni yanayotajirika leo kwa kitu chenye jina lake. Nataka kueleza maisha yake kwa sababu yanatuhusu sisi wa vyuoni, na yanawahusu hata watu wa kwetu Kabonga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi hawajalisikia jina lake lakini simu wanazo mkononi.

Mtu na zama zake

Jina lake ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780 na akafariki karibu na mwaka 850. Nisba yake inaelekeza Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi zake alizifanya Baghdad, mji ulioanzishwa na Khalifa Al-Mansur mwaka 762, na miaka yake yenye matunda zaidi ilikuwa chini ya Khalifa Al-Maamun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833.

Wakati huo Baghdad ilikuwa na Baytul-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, ambako vitabu vya Wayunani, Waajemi na Wahindi vilikusanywa na kusomwa. Teknolojia mpya ya zama zile ilikuwa karatasi. Ilianza kutengenezwa Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, na kwa sababu yake kitabu kiliweza kunakiliwa kwa gharama ndogo na kufika mbali. Al-Khwarizmi alikua pamoja na teknolojia hiyo kama sisi tulivyokua pamoja na intaneti.

Aliandika juu ya mambo mengi. Alitunga majedwali ya nyota, jua na mwezi, yaliyofuata elimu ya Wahindi. Aliandika juu ya tarakimu za Kihindi, hizi tunazotumia leo pamoja na sifuri yake. Aliandika pia kitabu cha jiografia, Surat al-Ardh, chenye orodha ya mahali zaidi ya 2,400, miji, milima, visiwa na mito, kila kimoja na vipimo vyake. Ndani yake umo mto Nile na milima unakotoka. Sisi wa Burundi jambo hili tunalitazama kwa jicho la pekee, kwa kuwa chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote iko Rutovu, katika milima ya Bururi, juu ya nchi yetu ya ziwani.

Zingatia jambo moja katika kitabu hicho. Al-Khwarizmi aliichukua kazi ya Ptolemy wa Alexandria, aliyekuwa imamu wa fani hiyo kwa karne nyingi, akairekebisha. Ptolemy alikuwa ameuzidisha mno urefu wa Bahari ya Kati, naye akaupunguza. Kisha yeye mwenyewe akarekebishwa na waliomfuata. Majedwali yake ya nyota yalifika Andalusia, na huko Maslama Al-Majriti akayapanga upya yaifae Cordoba. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa, maana namba zilikuwa wazi, na aliyeona kosa aliweza kulisahihisha.

Kitabu cha aljebra

Kitabu kilichomtangaza zaidi kinahusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kama mganga anavyounga mfupa. Al-muqabala ni kuweka vitu mkabala, upande na upande, ili vinavyofanana vipunguziane. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa, kwa kuwa mkabala ni neno letu la kila siku. Hata kile ambacho mwalimu wa sekondari alituandikia kama eksi ya mraba, Al-Khwarizmi alikiita mali, na namba isiyojulikana aliiita mzizi, au kitu.

Kitabu hakina alama hata moja ya hesabu. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno. Tuchukue mfano wake maarufu: mali pamoja na mizizi yake 10 ni sawa na 39. Mzizi ni ngapi? Chukua nusu ya mizizi, yaani 5. Izidishe kwa yenyewe, utapata 25. Jumlisha na 39, utapata 64. Tafuta kipeo chake cha pili, ambacho ni 8. Toa ile nusu ya mizizi, yaani 5. Inabaki 3. Mzizi ni 3 na mali ni 9. Jaribu: 9 na 30 ni 39.

Hii ndiyo algoriti: hatua zilizopangwa, ambazo yeyote akizifuata atafika. Lakini hakuishia kutoa hatua. Alieleza pia kwa nini zinafika. Chora mraba, hata mchangani ufukweni Kabonga. Eneo lake ndilo mali. Katika pande zake mbili zinazokutana, bandika mistatili miwili yenye upana wa 5. Umbo lote sasa ni 39, lakini kona moja ina pengo. Pengo hilo ni mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze, nawe una mraba kamili wa 64, wenye upande wa 8. Ukitoa 5 uliyoongeza, utaona 3 kwa macho yako. Aliandika hivyo ili msomaji asilazimike kumwamini yeye, bali aione haki ya jibu mwenyewe.

Mirathi na haki ya mjane

Je, Al-Khwarizmi alimwandikia nani? Alieleza kwamba alikusudia mambo ambayo watu wanayahitaji: mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Karibu nusu ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi. Vitabu vingi vya shule huitupa nusu hiyo, nami naona ndiyo roho ya kazi yake.

Suala mojawapo ni hili. Mtu amefariki, ameacha watoto wawili wa kiume. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mmoja wa watoto hao alikuwa anadaiwa na baba yake dirhamu nyingine 10. Tena marehemu alimuusia mtu wa nje theluthi ya mali. Al-Khwarizmi anaiita kitu ile sehemu ya deni itakayohesabiwa kama fungu la mdaiwa. Basi mali ni 10 na kitu. Ukitoa theluthi, inabaki 6 na theluthi mbili, pamoja na theluthi mbili za kitu. Ukiwagawia ndugu wawili, kila mmoja ana 3 na theluthi, pamoja na theluthi ya kitu. Fungu hilo la mdaiwa ndilo kitu chenyewe. Kwa hiyo kitu ni 5. Aliyeusiwa anapata 5, ndugu wa pili anapata 5, na mdaiwa anakatiwa 5 katika deni lake. Hukumu ya deni linalosalia ni ya mafaqihi. Ninachotaka uone ni kwamba deni la mtoto halikuachwa nje ya hesabu.

Jambo hili si la vitabuni tu. Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani, mzee mmoja wa mtaani alifariki. Aliacha mjane, kijana mmoja, mabinti wawili, shamba la michikichi na mtumbwi. Kijana alikuwa amekopa kwa baba fedha za kununua injini. Jamaa mmoja akatoa simu yenye programu ya mirathi. Programu iliuliza idadi ya warithi na thamani ya mali, ikatoa mafungu. Mjane akauliza kwa upole: lile deni la injini limeingia wapi? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu programu haikuwa na nafasi ya deni la mrithi, wala haikuonyesha hatua zake.

Nirahisishe namba ili uone uzito wake. Tuseme mali ni faranga milioni 28 na deni ni milioni 4. Programu inagawa milioni 28: mjane anapata milioni 3 na nusu, kila binti 6,125,000, na kijana 12,250,000, huku deni lake likisahaulika. Maalimu wetu wa madrasa alichukua daftari, akaanza kwa kuliingiza deni katika mali. Jumla ikawa milioni 32, sawa na mafungu 32 ya milioni moja moja. Mjane ana thumni, mafungu 4. Kijana ana 14, na kila binti ana 7. Kijana akakatwa milioni 4 alizokwisha kuzipokea, akabaki na 10. Mjane aliongezeka nusu milioni, na kila binti 875,000. Maalimu aliisoma kila hatua kwa sauti, na wote waliokuwapo, hata yule kijana, waliridhika.

Programu haikukosea kujumlisha. Kilichokosekana ni mahali pa mjane kuuliza swali lake.

Safari ya jina

Baada ya kufariki kwake, vitabu vya Al-Khwarizmi vilivuka bahari. Robert wa Chester alikitafsiri kitabu cha aljebra kwa Kilatini mwaka 1145, akiwa Segovia. Kitabu cha tarakimu nacho kilitafsiriwa karne hiyohiyo, na ndani yake jina la mwandishi likaandikwa kwa matamshi ya Kilatini, Algorizmi au Algoritmi. Kwanza Wazungu walilitumia jina hilo kwa maana ya hesabu za tarakimu mpya. Baadaye likawa jina la kila utaratibu wa hatua kwa hatua, na kompyuta zilipokuja likaingia humo.

Ujumbe mmoja husambazwa sana katika makundi ya WhatsApp, ukimhusisha Al-Khwarizmi na fumbo la kumpima mwanadamu kwa tarakimu: tabia njema ni moja, na sifa nyingine ni sifuri zinazofuata. Maana yake ni nzuri. Lakini kila ulioniijia haukutaja kitabu wala mpokezi. Sisi ni umma wa isnadi. Tukimpenda mwanachuoni, tumpende kwa alichokiandika.

Algoriti zilizofichwa

Sasa tuyatazame makampuni ya mtandao. Facebook, TikTok na YouTube zinapanga nini tuone kwanza na nini tusione kabisa. Kwa sehemu kubwa zinaishi kwa matangazo, na tangazo linahitaji macho yetu yabaki pale. Zinaeleza kwa jumla mambo zinayoyazingatia, lakini hesabu yenyewe ni siri ya biashara. Mtumiaji anapokea jibu bila kuona hatua.

Madhara yake yamefika mahakamani hapa Afrika Mashariki. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya, Nairobi, dhidi ya Meta, wenye Facebook. Mmoja wa walalamikaji ni mtoto wa profesa wa kemia wa Ethiopia aliyeuawa mwaka 2021, baada ya maandishi ya chuki dhidi yake kuenea. Wanadai kwamba algoriti iliyapa nguvu maandishi ya aina hiyo, na kampuni inapinga lawama hizo. Hukumu tuwaachie majaji. Lakini angalia swali linaloulizwa pale, ni lilelile la mjane wa Kabonga: mmefikaje kwenye jibu hili, na haki yangu imeingia wapi?

Wako watakaosema kwamba hesabu ikiwekwa wazi, matapeli wataichezea. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Lakini tunayo mifano ya upande wa pili. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, msimbo wake unasomwa na yeyote anayetaka, na kiini chake ndicho kilichomo ndani ya simu za Android. Uwazi haukuiangusha. Umewapa watu wengi nafasi ya kusahihisha makosa, kama yalivyosahihishwa majedwali ya nyota kule Cordoba.

Wajibu wetu

Miongoni mwetu wamo wanaosoma kompyuta, hisabati, sheria na uchumi. Tutatengeneza programu za mirathi, za zaka na za nyakati za swala. Mnajua kwamba simu mbili zilizo msikiti mmoja huweza kutofautiana juu ya Alfajiri, kwa sababu moja inahesabu jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo na nyingine 15. Basi tuandike wazi tumechagua ipi na kwa kauli ya nani. Programu ya mirathi ionyeshe kila hatua, iulize madeni na wasia kabla ya mafungu, na itaje aya za Suratun-Nisaa na rai ya madhehebu iliyofuatwa. Asiyejua kuandika programu aulize maswali, maana kuuliza nako ni elimu.

Al-Khwarizmi aliandika kwa ajili ya anayegawa urithi, anayepima shamba na anayechimba mfereji, akamwonyesha kila mmoja wao njia nzima. Kama tunajivunia kwamba jina lake limo ndani ya kila kompyuta duniani, tuichukue pia adabu yake ya kazi. Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa na mikono isiyoficha haki ya mtu. Amin.