Sultani Abdulmajid na Njaa ya Ireland



Kisa cha Sultani Abdulmajid wa Kwanza hutufikia hapa Nyamirambo kupitia simu, hasa Ramadhani, na kila kikizunguka meli zake huongezeka. Tumsome mtu mwenyewe.

Alizaliwa Istanbul mwaka 1823. Baba yake, Sultani Mahmud wa Pili, alipofariki mwaka 1839, kijana huyu wa miaka 16 alirithi dola ya Uthmaniyya iliyokuwa imetoka kushindwa vitani. Mwaka huohuo alitoa amri ya Gülhane, iliyoahidi usalama wa roho, mali na heshima kwa raia wote, Waislamu na wasio Waislamu.

Ireland wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza. Mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini, vilianza kuoza shambani kwa ugonjwa. Nafaka ilikuwepo, lakini iliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Watu wapatao milioni moja walikufa. Wazee wetu walioiona Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944 wasingehitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1847 Sultani alipeleka pauni 1,000. Inasimuliwa kwamba alitaka kutoa 10,000, akaombwa apunguze kwa sababu Malkia Victoria mwenyewe alitoa 2,000. Waungwana wa Ireland walimwandikia barua ya shukrani, nayo imehifadhiwa Uturuki hadi leo.

Na zile meli? Wenyeji wa mji wa Drogheda husimulia kuwa zilifika bandarini kwao zikiwa na chakula. Wanahistoria bado wanabishana. Mwezi na nyota kwenye nembo ya mji huo si ushahidi, kwani vilikuwepo karne nyingi kabla ya njaa. Mimi naona pauni 1,000 zinatosha: waliopewa hawakuwa Waislamu, wala raia wake, na hakuna kitu wangeweza kumlipa. Kwa nini tumwongezee chumvi?

Hakuwa mtu asiye na lawama. Alijenga kasri la Dolmabahçe kwa gharama kubwa mno, na katika enzi yake dola ilianza kukopa Ulaya, mwaka 1854. Lakini ni yeye pia aliyeujenga upya Msikiti wa Mtume, Madina.

Kifua kikuu kilimuua Juni 1861, akiwa na miaka 38. Mwaka 1995 Drogheda waliweka ukutani katikati ya mji kibao cha kuwashukuru watu wa Uturuki.